Risiti ya Usiku Mmoja

Norval Haugrud alikubali kulala usiku mmoja katika jimbo jirani la Dakota Kusini ili aache kuwa mtu wa Minnesota, na tangu siku aliyokubali hakupata tena usingizi wa kutosha nyumbani kwake mwenyewe.

Shauri hilo lilizaliwa mezani pa kahawa, katika mkahawa ulio mkabala na ghala la nafaka la mji wao, Elmdahl, ambako wanaume saba waliostaafu hukutana saa nne asubuhi na kutikisa dadu ndani ya kikombe cha ngozi ili ajulikane atakayewalipia wenzake. Asubuhi ile dadu zilimwangukia Norval kwa mara ya tatu mfululizo. Dwaine Buus, aliyekuwa dereva wa lori la maziwa, alicheka mpaka akakohoa.

"Mzee, hela zako zina miguu," alisema Dwaine. "Zikikuona tu zinatimua mbio. Sasa hizo za kampuni zikija si ndiyo zitaota mabawa kabisa?"

"Nyingine zitakwenda kwa jimbo. Ndivyo ilivyo."

"Si lazima! Vuka mpaka, bwana. Maili kumi na nane tu hapo. Wenzetu wa upande ule jimbo lao haligusi mapato ya mtu hata senti moja. Shemeji yangu alikodi sanduku la posta, akalala moteli usiku mmoja, akapewa risiti, akaenda nayo ofisi ya leseni. Ilipofika saa sita mchana alikuwa mtu wa Dakota Kusini. Jioni yuko kwake anakata majani."

"Kwake wapi?"

"Si hapo nyuma ya kanisa!"

"Basi hakuhama."

"Karatasi zinasema kahama. Wewe nani ubishane na karatasi?"

Meza nzima ilicheka, na Norval alilipa kahawa za watu saba. Lakini neno lilikwisha kumwingia.

Kwa muda wa miaka thelathini na saba Norval alikuwa mpimaji wa uotaji katika kampuni ya mbegu. Kazi yake ilikuwa kupanga punje mia moja za mahindi juu ya karatasi iliyoloweshwa, kuzisubiri siku saba katika joto la kadiri, kisha kuhesabu zilizochipua na kuandika idadi hiyo kwenye lebo ya gunia. Zikichipua themanini na nane, aliandika themanini na nane. Meneja mmoja alipata kumwomba aandike tisini, kwa kuwa tisini ndiyo iliyouzika. Norval alimpa kalamu na kumwambia aandike mwenyewe na kutia saini yake. Meneja hakuandika. Jambo hilo Norval hakulisimulia kwa watu, kwa sababu aliona kwamba mtu hasifiwi kwa kuhesabu sawasawa.

Kila mwaka kampuni ilimlipa sehemu ya haki yake kwa hisa, naye hakuuza hata moja. Sasa kampuni ilikuwa imenunuliwa na kubwa zaidi, na barua ilikuja kueleza kwamba hisa zote zingegeuzwa fedha taslimu tarehe mosi Novemba, atake asitake. Faida yake ilikaribia dola laki nane. Serikali kuu ingechukua fungu lake popote alipo. Jimbo la Minnesota, kama siku hiyo angali mkazi wake, lingechukua zaidi ya elfu sabini.

Angekuwa peke yake, Norval angelipa na kusahau. Lakini mkewe, LaVonne, alikuwa mgonjwa wa kusahau, na mwaka wa pili wa ugonjwa ulikuwa umemharibu upesi kuliko wa kwanza. Nyumba ya malezi ya wazee ya Elmdahl, alikotakiwa kuingia Desemba, ambako wauguzi wawili walikuwa watoto wa wenzake wa shule na Jumapili huimbwa nyimbo anazozijua, ilitoza dola elfu saba na mia nane kwa mwezi. Daktari alisema mwili wake una nguvu ya kuishi miaka kumi. Fedha za hisa, baada ya kodi zote, zingetosha miaka sita na nusu hivi.

Mwanawe, Kurtis, aliyekuwa wakala wa bima mjini Sioux Falls, upande wa pili wa mpaka, aliigawa hesabu ile kwa namna ambayo Norval hakuweza tena kuiondoa kichwani.

"Elfu sabini ni miezi tisa ya mama, baba," alisema. "Usiite kodi. Ita miezi tisa."

Walikwisha kujaribu njia iliyonyooka. Mwezi wa Julai Kurtis aliwapeleka kuona fleti mpya karibu na kwake, yenye vyumba viwili na zulia la rangi ya shayiri. Norval alikaa mezani na penseli akapima majimbo mawili kama apimavyo mtu magunia: huku hakuna kodi juu ya mkate na maziwa, kule ipo; huku pensheni yake inakatwa, kule haikatwi; kule usajili wa gari ni rahisi, kodi za nyumba zinakaribiana. Kwa karatasi, kule kulishinda. Lakini alipoinua macho, LaVonne alikuwa amesimama katika jiko lile jipya, akifungua na kufunga kabati moja. Alikuwa akitafuta mlango wa bustani. Aliutafuta kwa saa nzima, kisha akalia kwa sauti ndogo, kama mtu anayeona haya kulia kwa wenyeji. Nyumbani alikuwa akipika kahawa mwenyewe bado, kwa kuwa mikono yake ilijua vikombe viko wapi hata pale kichwa kiliposahau.

Kwa hiyo kuhama kweli hakukuwezekana. Mwanamke aliyewajazia hati za kodi kila mwaka, Norval alipompigia simu, alijibu kwa maneno machache: "Hama kweli, Bwana Haugrud, au usihame." Kurtis alisema mwanamke huyo ni mwoga. Siku zilikuwa zinakwisha, na Norval, ambaye hakuwahi kuandika tisini mahali pa themanini na nane, alimwambia mwanawe alipie sanduku la posta.

Waliondoka Alhamisi ya pili ya Oktoba, saa tisa alasiri. Mashine za kuvunia zilikuwa mashambani pande zote mbili za barabara, na vumbi la mahindi makavu lilitanda juu ya magari. LaVonne aliweka mkoba wake magotini na kuushika kwa mikono miwili.

"Tunakwenda wapi, Norval?"

"Sioux Falls. Tutamwona Kurtis."

"Tunarudi lini?"

"Kesho."

"Basi tungemwambia jirani aangalie paka."

"Nimemwambia."

Aliyajibu hayo bila kufikiri, na ilipopita maili nzima ndipo alipotambua amejibu nini.

Motelini kijana wa mapokezi alimpa risiti yenye jina, tarehe na idadi ya wageni. Norval aliikunja mara mbili akaiweka katika mfuko wa shati. Kurtis aliwaletea supu na mkate, akamwachia baba yake fomu za siku ya pili pamoja na kiapo cha makazi, ambacho Norval na LaVonne walitakiwa kila mmoja kutia saini mbele ya karani wa leseni: kwamba Dakota Kusini ndiko kwao, kwamba wakisafiri watarejea huko, kwamba hawana makazi mengine mahali popote.

Asubuhi Kurtis alirudi mapema, akawakuta katika chumba cha kifungua kinywa. Norval alikuwa amezitandaza fomu pembeni mwa sahani ili azisome mara ya mwisho, na LaVonne alikuwa amekaa mbele yake, uso kwa uso.

"Mama, umeamkaje?" aliuliza Kurtis.

LaVonne alikuwa anazitazama zile karatasi. Alivuta miwani kutoka kichwani, akaivaa, akaziweka fomu sawa kwa kuzigonga mezani ubavu mmoja, kisha ubavu wa pili. Akachukua kalamu ya Norval.

"Wa kwanza nani?" aliuliza.

Sauti ile Norval hakuwa ameisikia kwa miaka miwili. Kwa miaka ishirini na sita mkewe alikuwa amekaa katika dirisha la ofisi ya kodi za nyumba ya wilaya. Minnesota humpunguzia kodi mtu katika nyumba anayoishi kwa kweli, moja tu, na kila mwaka walikuja wenye vibanda vya kifahari kando ya maziwa wakidai kwamba wanaishi huko, na wenzao waliosajili nyumba mbili, na waliomsajili bibi aliyekufa. LaVonne hakuwahi kumpandishia mtu sauti. Aliuliza tu, mpaka mtu mwenyewe akaomba arudishiwe fomu yake.

"Nimeuliza wa kwanza nani. Wewe, bwana?"

"Mama, hizo ni za baba," alisema Kurtis.

"Kijana, subiri kwenye foleni."

Mwanamume mmoja wa meza ya jirani alicheka ndani ya kikombe chake. Kurtis alikaa. Norval alipangusa midomo kwa karatasi, akaona kwamba hana namna ila kujibu.

"Mimi," alisema.

"Jina?"

"Norval Haugrud."

"Unasema umehamia Dakota Kusini. Tangu lini?"

"Jana."

"Jana saa ngapi?"

"Saa kumi, kasoro kidogo."

Aliandika jambo ukingoni mwa fomu, kwa mwandiko wake ule ule uliosimama wima. "Umekuja na mashati mangapi?"

"Nimelivaa hili."

"La pili?"

"Sina la pili."

"Bwana," alisema LaVonne kwa upole, "mtu aliyehama haji na shati moja. Hata aliyefukuzwa na mkewe huja na mawili. Koti lako la baridi liko wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

Norval alisogeza sahani yake kando.

"Daktari wako yuko wapi? Jumapili utakula wapi chakula cha mchana? Theluji ikianguka wiki ijayo, utaizoa mbele ya mlango upi? Mimi sikuulizi ili nikuudhi. Jimbo litakuuliza hayo hayo, na wao hawana haraka. Watakuja baada ya miaka miwili, na risiti za dukani mikononi."

"Mama, hakuna atakayekuja," alisema Kurtis kwa sauti ya chini. "Baba, mwambie anyamaze, watu wanatutazama."

"Mwache," alisema Norval.

"Ile nyumba ya Minnesota," aliendelea LaVonne, "mmeiondoa katika orodha ya punguzo la kodi?"

Hapo Norval alihisi uso wake unapata moto. Hati ya orodha hiyo hakuwahi kuishughulikia. Mkewe ndiye aliyeijaza mwaka ule waliponunua nyumba, na tangu hapo kodi yao ilipunguzwa kwa neno lake yeye LaVonne, kwamba wanaishi pale. Wala Dwaine, wala Kurtis, wala yeye mwenyewe aliyejiona mtu wa hesabu, hawakuikumbuka. Alikuwa tayari kuliapia jimbo moja kwamba hana makazi mengine, huku katika jimbo la pili saini ya mkewe ikiapa kinyume chake.

"Hatujaiondoa," alisema.

"Nilidhani hivyo. Wengi husahau hapo." Alikagua ukurasa wa pili. "Una mke?"

"Ninaye."

"Jina lake?"

"LaVonne."

Aliliandika bila kusita, herufi moja baada ya nyingine, kama jina la mtu wa mtaa wa mbali. "Naye anaishi wapi?"

"Anaishi na mimi."

"Wapi, bwana? Nitajie mahali."

"Elmdahl. Nyumba ya kijani chini ya tangi la maji."

Uso wa LaVonne ulilegea. "Ninaijua nyumba ile. Ina jiko zuri, linapata jua asubuhi." Akakumbuka kazi yake, akarudi kwenye karatasi. "Na huyo mkeo, anajua kwamba amehama?"

Kurtis alikuwa ameinamisha kichwa.

"Hajui," alisema Norval.

"Basi mimi nitaandikaje kwamba amehama?"

Alimrudishia zile fomu kwa kuzigeuza, maandishi yakimwelekea Norval, kama alivyowafanyia watu kwa miaka ishirini na sita. Kisha akavua miwani, akaitazama sahani yake, na ile sauti ikawa imekwenda zake.

"Norval," alisema, "mkate huu mbona baridi?"

Kurtis alimfuata baba yake nje, kwenye maegesho, wakati LaVonne alipokwisha kukaa garini na kufungiwa mkanda.

"Ofisi inafunguliwa baada ya nusu saa," alisema. "Mama ni mgonjwa, baba. Hukuulizwa na mtu mwenye akili timamu. Umeulizwa na ugonjwa."

"Niliulizwa maswali ya haki, nami nilijua majibu yake kabla ya kuulizwa."

"Watu wote wanafanya! Huyo shemeji wa Dwaine..."

"Mimi si shemeji wa Dwaine."

"Basi sikiliza." Kurtis alimkaribia, na macho yake yalikuwa mekundu. "Heshima hii unayoitunza huilipi wewe. Anailipa mama. Miaka sita na nusu ikipita, na fedha zikaisha, na wakamwambia apishe kitanda, mimi ndiye nitakayekuwa naye. Wewe labda utakuwa umekufa. Nitamwambia nini? Kwamba baba aliogopa kuandika uongo mdogo?"

Norval hakupenda kumjibu mwanawe kwa ukali tu. Aliona kwamba Kurtis amesema kweli yake nzima, na kwamba kweli hiyo haikuondoa ile nyingine. Aliitoa risiti mfukoni, akaitazama, akairudisha.

"Hiyo miezi tisa," alisema, "nitaitoa mimi."

"Utaitoa wapi?"

"Alitakiwa kuingia nyumba ya malezi mwezi wa Desemba. Hataingia Desemba. Ataingia Septemba. Mpaka hapo nitamlea mwenyewe, nyumbani."

"Wewe? Una miaka sabini na moja na nyonga ya chuma. Hujawahi hata kumchana nywele."

"Nitafundishwa."

"Ni wazimu huo, si uadilifu," alisema Kurtis, akaingia garini mwake akaondoka bila kumuaga mama yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Hisa ziligeuzwa fedha tarehe mosi Novemba, na jimbo lililipwa fungu lake kabla mwaka haujaisha. Norval alikwenda nyumba ya malezi kuomba nafasi isogezwe mbele, na muuguzi mmoja, aliyemjua tangu akiwa msichana wa kuimba kanisani, alikubali kumfundisha jioni tatu. Alimfundisha kumwinua mtu bila kuuvunja mgongo, kumwosha bila kumvua nguo zote kwa mara moja ili asione haya wala baridi, na kumsubiri anapokataa. Kusubiri ndiko kulikomshinda. Alikuwa mtu aliyezoea siku saba za mbegu, lakini mbegu hazimpigi mtu ngumi kifuani zikimwita mwizi.

Desemba ilipita hivyo. Mezani pa kahawa hakuonekana tena, na Dwaine alipopita siku moja na keki aliyotumwa na mkewe, aliona mikono ya Norval ilivyopasuka kwa sabuni, akaacha utani aliokuja nao. Kufikia katikati ya Januari Norval alikuwa amepungua ratili kumi na moja. Katika kalenda ya jikoni hakuweka alama za siku zilizopita, kwa sababu aliziogopa zilizobaki.

Jumamosi moja ya mwezi huo Kurtis alifika bila kupiga simu. Alikuwa na keekee, skrubu na fimbo mbili za chuma za kushikilia. Hakuvua viatu vyake vizuri, hakutoa salamu ndefu, alikwenda moja kwa moja bafuni.

"Nilimpigia yule muuguzi," alisema, mgongo kwa baba yake. "Kasema wiki iliyopita mlianguka wote wawili."

"Hatukuumia."

"Bado nasema ulikosea, baba. Nataka ujue. Nitasema hivyo mpaka unizike au nikuzike."

"Sema. Sikukukataza."

"Nishikie hii. Juu zaidi. Hapana, huo ni urefu wako wewe, tunahitaji wake."

Norval alikwenda kumleta LaVonne. Alikuja taratibu, mkono wake juu ya mkono wa mumewe, akasimama pale alipoelekezwa, na Kurtis akapiga magoti kupima kutoka sakafuni mpaka kwenye kiwiko chake. Alitia alama ukutani kwa penseli.

"Fundi huyu ametoka wapi?" LaVonne alimnong'oneza mumewe, kwa sauti iliyosikika chumba kizima.

Kurtis aliacha kupima.

"Ni Kurtis," alisema Norval. "Mwanetu."

"Ndiye?" LaVonne alimtazama yule mwanamume wa miaka arobaini na mitatu aliyepiga magoti juu ya vigae, akamtazama kwa makini kama mtu anayesoma fomu iliyofifia. "Basi mwambie avae kofia akitoka. Kuna baridi."

"Nitavaa, mama," alisema Kurtis.

Akatoboa ukuta. Vumbi jeupe lilimwangukia Norval mikononi, naye aliendelea kuishikilia ile fimbo mahali pake. Ilikuwa bado miezi saba na wiki mbili kufika Septemba.